Mbao Zilizohama

Alikuwa amepiga magoti tangu saa mbili asubuhi, na goti la kushoto lilishachoka kulalamika, likanyamaza. Kila ubao alioufikia aliukagua ncha zote mbili, akapitisha ukucha juu ya vitundu vya misumari, akaandika kwenye daftari, akasogea mbele. Kazini walimwita Kobe. Jina hilo alipewa na vijana waliomkuta kazini, wakapanda vyeo, wakamwacha palepale alipokuwa: mpelelezi wa kituo, mwaka wa ishirini na mbili, gari la kuazima.

"Afande, unatafuta nini hasa?" Dereva wa trekta wa mradi wa bwawa alikuwa ameketi ukingoni mwa njia, miguu inaning'inia juu ya maji. "Mbao zipo, maji yapo, ndege wapo. Mimi nina majani ya kusomba."

"Nisaidie kuhesabu. Hapa kuna jozi ngapi za matundu?"

Dereva akainama bila hamu. "Sita. Moja ina misumari, tano ziko wazi."

"Na huu?"

"Sita."

"Na ule?"

"Afande, utanirudisha darasa la kwanza wewe."

Njia ile ya mbao ilikuwa na urefu wa mita mia mbili, imesimama juu ya nguzo, ikipita katikati ya matete mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mlangoni kulikuwa na bango kubwa kuliko kibanda cha mlinzi. Lilisema kwamba njia hii ya geti la chini, pamoja na pacha wake wa geti la juu, zimejengwa kwa ruzuku ya umma, ili mazalia ya ndege yasikanyagwe na kila mwananchi apate mahali pa kutembea na kupumzika. Chini ya maneno "kila mwananchi" kulikuwa na mnyororo, na mnyororo ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao dereva.

Kobe aliinuka kwa kushika nguzo. Juzi Jumatano, upande wa pili wa bwawa, kwenye geti la juu, mwanamke wa miaka hamsini na nane alianguka kutoka kwenye njia kama hii, akagonga kichwa kwenye boriti, akafia kwenye maji yasiyofika kiunoni. Alikuwa mhesabu ndege wa mradi. Kila alfajiri aliingia na daftari lake, na watu walimwita Mama Ndege. Wakata majani walimkuta saa tano. Polisi walifika saa tisa, maana gari la kituo halikuwa na mafuta. Walipofika, njia yote ya geti la juu ilikuwa imebaki boriti tupu, na mratibu wa mradi akawaambia ameagiza mbao ziondolewe kwa usalama. Ubao mmoja tu ndio aliouweka akiba, uliovunjika katikati. Aliwakabidhi kwa mikono yake.

Kwa ubao huo, seremala aliyejenga njia zote mbili alikuwa mahabusu. Leo Ijumaa, saa nane mchana, angepandishwa gari kwenda mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia: kajenga kwa mbao mbovu, mtu kafa. Fundi hakujitetea. Alisema maneno matatu tu tangu akamatwe: andikeni mnavyotaka nyinyi.

Kobe alikwenda kwenye gari, akautoa ule ubao uliovunjika, akaulaza pembeni ya mbao za njia. Upana ule ule, unene ule ule. Akamwita dereva.

"Huu je?"

Dereva aliutazama muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Jozi moja."

"Moja. Hizi zote sita, huu moja. Huu unatoka wapi?"

"Mimi naendesha trekta, Afande. Mbao muulize mwenye mbao."

"Sawa. Nikuulize la trekta. Mbao za njia nzima kama hii, kuzing'oa na kuzipakia kwenye trela, vibarua sita wanachukua muda gani?"

"Jioni moja, wakisukumwa," alisema dereva, kisha akafunga mdomo. Akajikuna shingoni. "Nakisia tu. Sijawahi kuona."

"Umekisia vizuri," alisema Kobe, akaandika.

*

Mahabusu ya kituo ilikuwa na benchi moja na dirisha lenye ukubwa wa kitabu. Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye ukucha wa gumba mweusi kwa nyundo ya zamani. Alikaa kama mtu anayesubiri basi ambalo halimhusu.

Kobe akakaa kando yake. "Umekula?"

"Nimeletewa."

"Nimetoka geti la chini kuhesabu matundu yako."

Fundi akaendelea kutazama dirisha.

"Jozi sita kila ncha. Na wakaguzi wa ruzuku wamekuja mara tatu tangu njia ijengwe. Nimekaa kwenye gari nikijiuliza sita na tatu zinakutana wapi. Jozi ya kwanza ni siku ulipoijenga, geti la juu. Wakaguzi wakaja, wakaiona ya juu Jumanne. Jioni mbao zikavushwa geti la chini wazione Jumatano: jozi ya pili. Wakaondoka, zikarudishwa juu kwa kuwa ndiko watu wa mjini wanakoingilia: ya tatu. Mwaka jana wakaja tena: ya nne. Zikarudi: ya tano. Na Jumanne hii jioni: ya sita. Hakuna njia mbili, fundi. Ipo moja, inahamahama."

Askari wa zamu alikohoa mlangoni. Kobe akamwonyesha kwa kidevu aende mbali.

"Kitu kimoja kimenishinda," aliendelea. "Kwa nini ulipigilia? Maonyesho ya siku moja yale. Ungezilaza tu, ukazibana pembeni, wangepita, ungezitoa. Kusingekuwa na matundu, na mimi nisingejua chochote."

Fundi akamgeukia kwa mara ya kwanza, uso kama wa mtu aliyetukaniwa mzazi. "Ubao wa kupita watu haulazwi bila msumari."

"Hata wa uongo?"

"Uongo ni wao. Ubao ni wangu."

Baada ya hapo maneno yalitoka, polepole. Mratibu alimwambia tangu mwanzo kwamba mbao za njia ya pili zinakuja. Zilikuwa zinakuja mwaka wa kwanza, zikawa zinakuja mwaka wa pili. Wakaguzi walileta barua wiki moja kabla kila mara, na hawakukagua mageti yote mawili siku moja hata mara moja, kwa kuwa kuzunguka bwawa kwa gari ni saa mbili na wakubwa hawapendi kuchelewa chakula. Walikuwa na fomu. Njia ipo, weka alama. Bango lipo, weka alama. Hakuna aliyeinama.

"Mbona husemi haya kwenye maelezo yako?"

"Nikisema, atafufuka?" Fundi aliitazama mikono yake. "Nilizing'oa mimi, Afande. Kwa mtaimbo wangu. Mama wa watu kaenda kutumbukia pale pale nilipong'oa. Mbao ishirini za mwanzo huwa tunaziacha, anayechungulia getini aone njia. Halafu kuna kona, matete yanaficha. Yeye hata hatazami chini. Anatembea kichwa juu, anaandika. Njia ile anaijua kama sebule yake."

"Kwa hiyo ulimwachia mtego."

"Niliweka kizuizi." Sauti ikapanda kidogo, ikashuka. "Kila mara naweka. Boriti ya kukatiza mlangoni na kamba, na kitambaa chekundu. Mara mbili zilizopita alikikuta, akageuza baiskeli yake akarudi. Tukikutana ananitania, fundi, njia yako inaumwa kila mwaka siku ile ile. Namwambia ni matengenezo."

"Ripoti ya askari haina kizuizi."

"Ndiyo maana nasema mwandike." Fundi alisugua gumba lake. "Jumanne tulimaliza giza likiingia, mvua inaanza, mikono imekufa ganzi. Labda sikukaza fundo. Labda kamba ililowa ikaachia. Tangu juzi nalifunga fundo lile kichwani. Nalifunga, linaachia."

Kobe alitazama saa. Saa nne na robo.

*

Ofisi ya mratibu ilikuwa na ramani ya bwawa iliyojaa pini za rangi, feni inayozunguka kimya, na majalada yaliyopangwa kwa miaka. Mratibu alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye adabu, aliyeinuka mgeni alipoingia. Watu wa aina hii huinuka vizuri. Wanafundishwa.

"Karibu, mzee wangu. Chai? Msiba huu umetuvunja. Yule mama alikuwa moyo wa mradi."

"Moyo wa mradi alikuwa na mkataba?"

"Alikuwa wa kujitolea. Kwa posho ndogo." Mratibu akakaa. "Nikusaidie nini?"

"Mbao za geti la juu. Ziko wapi?"

"Zilikuwa zimeoza, mzee wangu. Tulizichoma, asije mtu mwingine akaumia."

"Lini?"

"Jumatano ile ile, mchana."

"Wapi?"

Mratibu alionyesha dirishani bila kutazama. "Nyuma huko."

"Imenyesha Jumanne usiku, Jumatano mchana wote na jana asubuhi," alisema Kobe. "Mita mia mbili za mbao zilizolowa, zimeungua zote, na huko nyuma nimepita sasa hivi, sijaona jivu la kujaza kikombe."

"Kuna vibarua, huwa wanasafisha."

"Wana bidii." Kobe akafungua daftari. "Kulikuwa na kizuizi mlangoni?"

"Cha nini? Njia ilikuwa wazi. Wakaguzi wenyewe waliiona wazi." Hapo mratibu alichangamka kidogo, kama mtu aliyeona daraja. Akavuta jalada jipya, akalifungua mezani. "Tazama. Ripoti imeshaandaliwa. Picha za mageti yote mawili. Hii ya juu waliipiga Jumatano hiyo hiyo asubuhi, maana Jumanne jua lilikuwa limekaa vibaya. Wakubwa huko juu wanataka picha zenye mwanga."

Kobe akavaa miwani. Watu watatu wenye makoti walisimama chini ya bango la geti la juu, wanatabasamu. Nyuma yao mlango wa njia ulikuwa wazi, mbao za mwanzo zinang'aa kwa mvua ya usiku, kisha kona, kisha matete. Boriti haikuwepo. Kamba haikuwepo. Pembeni kamera ilikuwa imechapa tarehe, na saa: kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Akasogeza picha dirishani. Kwenye mguu wa bango, nyuma ya koti la kushoto, ilionekana baiskeli ya kike yenye kapu, imesimamishwa kwa stendi yake.

"Baiskeli hii ya nani?"

Mratibu akainama. Akakaa ameinama.

"Iko kituoni," alisema Kobe. "Na kapu lake. Ina maana walipokuwa wanatabasamu hapa, mwenyewe alishapita. Alikuwa pale nyuma ya kona."

Feni ikazunguka. Mratibu alirudisha picha ndani ya jalada, akalinganisha kingo za karatasi kwa vidole. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, na pengine kwa mara ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe.

"Mzee wangu, awamu ya pili ya ruzuku inatiwa saini wiki ijayo. Lile fungu la kwanza lilikuja pungufu, huko juu walishalimega kabla halijanifikia, lakini fomu zikaja zimeandikwa njia mbili. Ningefanyaje? Nikisema moja, mradi unafungwa. Watu arobaini wanakula hapa. Mradi ukifungwa, bwawa linakatwa viwanja, na hao ndege aliowahesabu hawatakuwa na pa kutagia. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Na fundi?"

"Atapata mwaka mmoja, pengine faini. Tutamsaidia." Akatoa karatasi nyingine kwenye droo. "Familia yenyewe imeridhika. Mume wa marehemu ametia saini hapa. Anakubali chanzo ni ubao mbovu, na haombi uchunguzi zaidi. Na sisi tutaweka bango jipya lenye jina la mkewe."

"Bango," alisema Kobe. Akachukua ile karatasi, akachukua na picha kutoka ndani ya jalada. "Hivi nitavirudisha."

"Ile ni mali ya ofisi."

"Ndiyo maana nasema nitavirudisha."

*

Dereva alikuwa uani, anajifanya kupima upepo wa tairi. Kobe alilaza picha juu ya boneti ya trekta, akaweka kidole pale ambapo boriti ilitakiwa kuwepo.

"Fundi yuko mahabusu anafikiri fundo lake liliachia," alisema. "Ana siku mbili halali. Mimi sidhani kama kamba inaweza kujifungua, kisha boriti ikajibeba yenyewe. Wewe unaonaje?"

"Afande, mimi nina watoto watatu."

"Fundi ana wanne. Tukishindanisha watoto hatutamaliza leo."

Dereva akachuchumaa, mgongo kwenye gurudumu. Alikaa hivyo mpaka Kobe naye akalazimika kuchuchumaa, goti likalia kama bawaba.

"Nilipigiwa simu saa kumi na moja na nusu alfajiri," alisema dereva. "Bosi. Akasema wageni watapita geti la juu kupiga picha, sitaki waone boriti na matambara kama mahali pa ujenzi. Katoe, wakishaondoka rudisha. Nikaenda. Fundo lile, Afande, lilinisumbua. Nilishindwa kulifungua kwa mkono. Nilikata kwa panga."

"Boriti?"

"Nikaitupa kwenye majani. Nikawa nasubiri hapo niirudishe. Bosi akapiga tena, gari la wakaguzi lina matairi mabovu, litanasa geti la chini, tangulia na trekta. Nikatangulia. Likanasa kweli. Nikalivuta." Alifuta uso kwa mkono wenye grisi. "Nilipishana na mama barabarani. Akanipungia. Nikampungia. Nikajua anakokwenda, nikasema moyoni, si kuna kizuizi. Nimefika mbele kabisa ndipo nikakumbuka kizuizi nimekitoa mimi. Nikasema akiona boriti tupu atarudi. Nikaendelea."

Kobe aliandika maneno hayo kama yalivyotoka. Hakuyapanga. Akamsomea, akampa kalamu, na dereva akatia saini juu ya boneti, herufi kubwa kama za mtoto. Boriti walikwenda kuitoa majanini pamoja, ikiwa bado na kipande cha kamba. Ncha ya kamba ilikuwa imekatika moja kwa moja, na fundo lilikuwa zima, limekaza vile vile lilivyofungwa.

Saa saba na dakika tano.

*

"Wewe na matundu yako," alisema mkuu wa kituo. Hakuwa mtu mbaya. Alibakiza miezi minane astaafu, na simu ya mezani kwake ilikuwa imelia mara tatu asubuhi ile. "Dereva ametia saini, sawa. Kesho wakili wa mradi atasema ulimtisha. Picha, sawa. Lakini jalada hili lina mlalamikaji, na mlalamikaji ameridhika kwa maandishi. Mimi nimfungulie mratibu kwa niaba ya nani? Ya ndege?"

"Mlalamikaji nikimleta?"

"Gari linaondoka saa nane." Mkuu alitazama simu kama inaweza kumsikia. "Saa nane ni saa nane."

Kobe hakuwa na haja ya kumleta. Mume wa marehemu alikuwa nje, kwenye benchi la wageni, tangu saa nne. Alikuwa kinyozi mstaafu, mwembamba, shati limepigwa pasi na mtu asiyezoea pasi, mikunjo miwili kwenye mkono mmoja. Mapajani alipakata mfuko wenye madaftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayechunguza?" Hakungoja jibu. "Nataka nimwone yule seremala akipandishwa gari. Hilo tu. Nikishamwona nitaondoka. Mtu anakula pesa ya mbao, anaweka ubao uliooza, mke wangu anapita. Nataka anitazame."

"Mfuko huo una nini?"

"Madaftari yake ya ndege. Mratibu kaomba nimrudishie, anasema ni mali ya mradi. Nimsubiri, atatuma mtu."

"Niazime mawili haya, ya mwaka jana na mwaka juzi."

Yalikuwa madaftari ya shule, majalada yamekunjika kwa umande. Kila ukurasa siku moja: tarehe, hali ya hewa, aina, idadi. Hakukosa siku za mvua. Hakukosa sikukuu. Kobe alikuwa na tarehe mbili kwenye karatasi yake, za wakaguzi walipokuja mara ya kwanza na ya pili. Alizitafuta kwa kidole. Kurasa zote mbili zilikuwa na tarehe, hali ya hewa, na basi. Ndege hawakuandikwa.

"Siku hizi mbili hakuhesabu," alisema. "Unakumbuka kwa nini?"

Mzee akachukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu. "Hii ya mwaka jana nakumbuka. Alirudi mapema. Nilikuwa sijaamka. Akasema fundi kafunga njia, kaweka gogo na kitambaa chekundu, hapitiki. Tukanywa chai pamoja." Akapapasa ukurasa. "Miaka sita, siku za kazi hatukuwahi kunywa chai ya asubuhi pamoja. Yeye na ndege wake. Nikamwambia, huyo fundi aendelee kufunga."

"Alifunga na juzi," alisema Kobe.

Mzee akamtazama.

Kobe alimweleza. Hakupamba, na hakuruka kitu: mbao zinazohama, ruzuku iliyomegwa huko juu na fomu za njia mbili, vibarua wa Jumanne jioni, boriti, kamba. Ubao uliovunjika haukutoka pale alipoangukia, maana pale mbao zilikuwa zimeshang'olewa. Aliposema kizuizi kilitolewa alfajiri ili wageni wapige picha, mzee aliinua mkono, akamsimamisha.

"Picha."

"Ndiyo, mzee."

"Ikatoka vizuri?"

Picha ilikuwa ndani ya jalada, chini ya kiwiko cha Kobe. Hakuitoa. "Ilitoka," alisema.

Mzee alifunga madaftari, akayapanga ndani ya mfuko, moja moja, akavuta kamba ya mfuko. Wakati huo mlango wa ndani ulifunguliwa na Fundi akatolewa, pingu mkononi, askari mmoja huku, mwingine kule. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Alipomwona mzee kwenye benchi, alisimama. Hakuinua uso.

"Wewe," alisema mzee. "Juzi ulifunga?"

"Nilifunga, baba."

"Ulifungaje?"

Fundi alisogeza mikono yenye pingu, vidole vikaanza kuzunguka hewani. "Boriti kwenye nguzo mbili. Kamba mara tatu huku, mara tatu kule. Fundo la kufunga mzigo. Lakini labda—"

"Halikuachia," alisema Kobe. "Lilikatwa kwa panga. Fundo ninalo kwenye gari, bado limekaza."

Vidole vya Fundi vilisimama vilipokuwa. Alivitazama, kisha akakaa chini, pale pale sakafuni, na askari wawili wakabaki wamesimama juu yake wasijue wamwinue au wamwache.

Mzee aliinuka. Alikwenda mpaka kaunta, akaomba ile karatasi aliyotia saini. Kobe akampa. Aliisoma yote, midomo ikicheza, ingawa alishaisoma siku iliyopita, au pengine siku iliyopita hakuisoma. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

"Hii nimeiondoa," alimwambia askari wa kaunta. "Nataka nyingine. Mlalamikaji ni mimi. Ninayemlalamikia ni yule bwana wa ofisini, na wale walioko juu yake waliomtumia fomu ya njia mbili kwa mbao za moja. Andika na hao."

Mkuu wa kituo alikuwa ametokea mlangoni kwake. Ndani simu ililia tena. Aliiacha ilie. Alimtazama mzee, akamtazama Fundi sakafuni, akamtazama Kobe, ambaye alikuwa anasugua goti.

"Mfungueni pingu," alisema mwisho, kwa sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi. Kisha kwa mzee, kwa upole, "Baba, nikueleze tu ujue. Ukifungua hii, ni miezi. Pengine ni miaka. Utaitwa, utaahirishiwa, utarudi tena, utaambiwa jalada halionekani. Wenyewe wana mawakili. Kwa nini usiende nyumbani ukapumzika, tukaongea Jumatatu?"

Mzee alivuta kiti cha plastiki mpaka kwenye kaunta, akakijaribu kwa mkono kama kinaweza kumbeba, akakaa.

"Nyumbani kuna nani?" alisema. "Andika."